Siri za Nyumba Mbili: Unguja na Buganda

Katika mwaka 1844, kwa mapokeo yaliyokubaliwa na wengi wa waandishi wa tarikhi ya Uganda, tajiri mmoja wa Kiarabu aitwaye Ahmed bin Ibrahim, baada ya safari iliyomtoa pwani ikampitisha Unyanyembe na Karagwe, aliwasili katika baraza la Kabaka Suna wa Pili, mfalme wa Buganda, akawa miongoni mwa watu wa kwanza wa pwani kutajwa kwa majina yao katika habari za Buganda. Na tarehe 30 Agosti ya mwaka uo huo, katika jumba la Mtoni, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja, suria wa Kicherkasi jina lake Jilfidan alimzalia Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, binti aliyeitwa Salme. Baina ya Mtoni na Buganda palikuwa na mwendo wa miezi mingi kwa miguu, na watu wa jumba moja hawakuwajua watu wa jumba la pili ila kwa simulizi za wachukuzi wa pembe. Walakini tangu mwaka ule nyumba hizi mbili za kifalme zilianza kutazamana kwa mbali, na mtu azisomaye pamoja hufahamu jambo ambalo, lau angesoma habari za moja peke yake, yamkini lingempita: kwamba binti wa mfalme alikatazwa kupenda kwa sababu ya mtoto ambaye angeweza kuzaliwa, na kwamba siri zilizotokana na katazo hilo zimo hata leo ndani ya vitabu tulivyoachiwa, katika mahali ambapo mwandishi alinyamaza.

Sisi tukaao Kyambogo, hapa Buganda, hatuna bahari, wala jahazi haliwezi kutufikia. Lakini kilima cha Banda, ambacho ni jirani yetu wa karibu upande wa barabara iendayo Jinja, kilikuwa makao ya Kabaka Muteesa wa Kwanza katika miaka ya mwanzo ya enzi yake. Leo wanafunzi wa chuo kikuu hushuka na kupanda miteremko hii kila siku, kama walivyofanya walimu wanafunzi tangu chuo cha ualimu kilipohamishiwa hapa katika mwaka 1948, na wachache hukumbuka kwamba karibu na hapa wanapopanga vyumba na kununua chapati palikuwapo nyua za matete zilizozunguka mamia ya nyumba, na wake wa Kabaka, na dada zake, na walinzi wa milango yao. Kwa sababu hiyo sioni ugeni wowote katika kulisimulia jambo la mji wa pwani nikiwa juu ya kilima hiki. Habari za Unguja zilifika hapa zamani, pamoja na nguo, bunduki, dini na lugha hii niandikayo.

Nyumba zote mbili zilipatwa na msiba mwaka mmoja. Tarehe 19 Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki dunia ndani ya marikebu yake Victoria, karibu na Ushelisheli, akirudi Unguja kutoka Maskati. Na katika mwaka huo huo Kabaka Suna aliuawa na ndui alipokuwa akirejea kutoka katika vita vya Kiziba. Kila mmoja aliacha watoto wengi. Wa Seyyid Said waliokuwa hai walikuwa 36, nusu yao wanaume na nusu wanawake, wote wana wa masuria, kwa kuwa mkewe wa ndoa, Azze binti Sef, hakumzalia mtoto. Wala Unguja wala Buganda haikuwa na kanuni kwamba mtoto wa kwanza wa kiume ndiye mrithi. Ufalme ulimwendea yule aliyepatikana na nguvu, au aliyeungwa mkono na wakubwa, au aliyekuwa karibu na hazina siku ya mauti. Katika wana wa Seyyid Said, Thuwaini alitawala Maskati, Majid akatawala Unguja, na ugomvi wao haukutulia mpaka Waingereza wa Bara Hindi walipoukata katika mwaka 1861 kwa hukumu iliyozitenga nchi mbili na kumwamuru Majid amlipe nduguye riale 40,000 kila mwaka. Buganda nayo ilimweka Muteesa, kijana mdogo, na ndugu zake wa kiume wakawekwa chini ya ulinzi mkali, baadhi yao wakiwa na pingu mikononi, maana desturi ilikuwa kwamba ndugu wa Kabaka ni hatari kwa Kabaka maadamu wangali hai.

Katika nchi ambamo kila mtoto wa damu ya kifalme aweza kuwa bendera ya fitina, tumbo la binti wa mfalme haliwezi kuwa mali yake mwenyewe. Pwani jambo hili lilivikwa vazi la sharia na la nasaba: binti wa Sultani hakuozwa ila kwa mtu aliye kufuu yake, na kwa kuwa wenye kufuu hiyo walikuwa wachache, aghalabu wana wa ammi, baadhi ya mabinti hawakuolewa kamwe, na mwanamke Mwislamu kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu ni haramu, hilo halina mjadala. Buganda ilikwenda mbali zaidi. Mabinti wa Kabaka, waitwao bambejja, waliamkiwa kwa heshima ya kiume, walikuwa na ardhi na watumishi na amri juu ya watu, lakini hawakuruhusiwa kuolewa wala kuzaa, na adhabu ya aliyeshika mimba, yeye na mwanamume wake, ilikuwa mauti. Dada aliyechaguliwa kukaa na Kabaka katika kiti cha enzi alikuwa na mamlaka makubwa, na Kabaka akifa ndiye aliyelilinda kaburi; lakini alilipa mamlaka hayo kwa kukosa dhuria. Nimesikia watu wakisema kwamba bambejja walikuwa huru kuliko wanawake wote wa nchi, kwa kuwa hawakupiga magoti mbele ya mume. Mimi siwezi kuuita uhuru ule mtu anaopewa kwa sharti la kutozaa.

Narudi sasa kwa Salme, kwa kuwa habari zake ndizo tulizo nazo kwa mapana zaidi, na kwa kalamu yake mwenyewe.

Katika majumba ya Seyyid Said watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani pamoja na ndugu zao, lakini hawakufundishwa kuandika. Iliaminika kuwa mwanamke ajuaye kuandika ataandika barua, na barua zitafika mahali zisipotakiwa. Salme alijifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa watoto wa chuoni, akaziiga herufi za msahafu moja moja mpaka mkono ukazoea, na jambo lake lilipofichuka aliaibishwa sana na watu wa nyumba. Nashikilia ya kwamba katazo alilolivunja kwanza lilikuwa hili la kalamu, na kwamba yote yaliyofuata yametoka humo. Katika mwaka 1859, ambao ndio mwaka aliofiwa na mama yake kwa kipindupindu, ndugu yake Barghash alimwasi Majid, na wale walioshika upande wa Barghash, akiwamo dada yao Khole, wakamwona Salme, msichana wa miaka 15, kuwa mtu wa faida kuu, kwa sababu aliweza kuziandika barua za siri pasipo kumtafuta mwandishi wa kuajiriwa. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, dada zake walimvika nguo za kike, wakamfunika kwa shela, wakampitisha mbele ya walinzi ambao kwa adabu yao hawakuthubutu kumfunua mwanamke wa kifalme. Uasi ulivunjwa kwa msaada wa wanamaji wa Kiingereza. Barghash alipelekwa Bombay. Salme akabaki na lawama za pande zote, kwanza za Majid, ambaye Salme alikuwa amemsaliti, ijapokuwa Majid alimsamehe, na baadaye za Barghash mwenyewe, ambaye hakumsamehe kwa kupatana na Majid.

Baada ya kukaa mashambani, Kizimbani na Bububu, alirudi mjini, na nyumba aliyokaa ilikuwa jirani na nyumba ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana wa Hamburg, aliyezaliwa mwaka 1839. Msomaji asiyeujua Mji Mkongwe yafaa afahamu jinsi ulivyojengwa: nyumba ndefu za mawe zimesongamana, vichochoro ni vyembamba kiasi cha watu wawili kupishana kwa taabu, na juu kuna dari za wazi ambako watu wa ndani hupanda jioni kupunga upepo. Mwanamke asiyeweza kuonekana barabarani aweza kumwona jirani juu ya dari, na kusikia mazungumzo ya karamu yake, na kuonana naye kwa macho kila siku ya Mungu bila ya mtu kufungua mlango. Wajerumani wa Hamburg walikuwa na heshima kubwa mjini. Miji yao ilikuwa na mkataba na Unguja tangu mwaka 1859, na makampuni yao yalinunua kauri kwa shehena na kuzipeleka Afrika ya Magharibi, kauri za namna ile ile ambazo watu wa Buganda walizitumia kuwa fedha. Ruete aliingia Unguja kwa kazi ya biashara kama hiyo.

Huba ile haikufichika muda mrefu. Mji mdogo wa pwani hauna siri kwa maana ya jambo lisilojulikana. Una mambo ambayo kila mtu anayajua na hakuna apewaye ruhusa ya kuyasema mbele ya wenyewe. Watumwa walijua, wauzaji maji walijua, mabalozi waliyaandika katika barua zao, na Majid naye, kwa ushahidi wa Salme, alijua. Lililokuwa halivumiliki lilikuwa ni mimba, kwa kuwa mimba ilikuwa ushahidi usioweza kukanushwa kwa kunyamaza. Mara ya kwanza alipojaribu kutoroka hakufanikiwa. Mara ya pili, siku chache kabla ya kutimiza miaka 22, Agosti 24 ya mwaka 1866, alichukuliwa na manowari ya Kiingereza Highflyer, iliyoongozwa na Nahodha Pasley, akapelekwa Aden. Yasimuliwa kwamba usiku ule ulikuwa wa Siku ya Mwaka, Nairuzi ya Waswahili, ambapo wanawake wa mji, wakubwa kwa wadogo, huteremka pwani kuoga mwaka, hata mwanamke wa nyumba ya Sultani akaweza kuonekana kando ya maji pasipo kuulizwa aendako. Desturi iliyokusudiwa kuoga balaa za mwaka uliopita ilimpa njia ya kutoka katika nchi yake.

Kule Aden alijifungua mtoto wa kiume tarehe 7 Desemba 1866. Ruete alibaki Unguja miezi kadhaa kumaliza shughuli zake, na hilo lenyewe ni jambo la kuzingatiwa: mwanamume wa kisa hiki alipata nafasi ya kuuza bidhaa na kufunga hesabu, ilhali mwanamke asingeweza kubaki hata juma moja. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo, wakasafiri kwenda Ujerumani, na mtoto akafia njiani katika nchi ya Ufaransa. Walipata watoto watatu wengine huko Hamburg. Mwezi wa Agosti 1870 Ruete aligongwa na gari la reli la mjini, lililokuwa likivutwa na farasi, akafa; miezi miwili baadaye Majid naye alifariki Unguja, na kiti kikamwendea Barghash.

Hapa sitapita upesi. Katika mwaka 1886 Emily Ruete alichapisha Berlin kitabu cha kumbukumbu zake, kwa Kijerumani, na kwa kadiri nijuavyo hakuna kitabu cha zama zile kilichoeleza maisha ya ndani ya nyumba ya kifalme ya pwani kwa utajiri wa namna ile: vyumba vya Mtoni, na hamamu zake, na ndege na wanyama wa uani, vyakula, mavazi, elimu ya watoto, mapatano na uhasama wa masuria, kufunga na kufuturu, ugonjwa na waganga. Anaeleza mengi ambayo mtu mwingine angeona haya kuyaeleza, pamoja na makosa yake katika fitina ya 1859. Lakini akifika katika habari ya Ruete, kalamu inakuwa fupi. Anasema nyumba zao zilikuwa jirani, urafiki ukawa mapenzi, watu wakajua, akaondoka. Mimba haitajwi. Mtoto wa Aden hatajwi. Miezi ile mirefu ya kungoja imeelezwa kana kwamba alikuwa akimngoja mchumba na kufundishwa dini mpya, na msomaji asiye na habari kutoka kwingine atakifunga kitabu bila kujua kwamba palikuwa na mtoto aliyezaliwa na kufa.

Wako wasomaji waliomhukumu kwa jambo hili kuwa alisema uongo. Mimi nasema alikuwa na sitara ya kuhifadhi, na haikuwa yake peke yake. Watoto wake watatu walikuwa wakilelewa katika Ujerumani ya wakati ule, ambayo kwa habari ya mwanamke aliyeshika mimba kabla ya ndoa haikuwa na huruma kuliko Unguja; tofauti ni kwamba Unguja ingemwadhibu kwa hukumu, na Ujerumani ingemwadhibu kwa kutomwalika nyumbani. Tena alikuwa bado anadai mirathi yake kwa Barghash, na jina lake lilikuwa rasilimali pekee aliyobaki nayo. Mwanamke aliyejifundisha kuandika kinyume cha amri ya nyumba ya baba yake ndiye yule yule aliyejua, miaka mingi baadaye, ni jambo gani lisiandikwe. Na maarifa yote mawili aliyapata mahali pamoja, ndani ya majumba ambamo kila mtu alizoea kuyazingatia masikio ya ukuta.

Mwaka mmoja kabla ya kitabu, katika Agosti ya 1885, alirudi Unguja katika marikebu ya Kijerumani iitwayo Adler, pamoja na kundi la manowari lililotumwa na Bismarck kumtisha Barghash akubali madai ya Wajerumani katika bara. Binti wa Seyyid Said alitumiwa kama hoja ya siasa, na hoja ilipokwisha faida yake aliachwa. Watu wa mji walimlaki vichochoroni na kumwamkia. Barghash, aliyetolewa kwa shela mbele ya askari kwa mkono wa dada zake, alikataa kumwona. Salme alirudi tena mwaka 1888 kwa madai yale yale, akapata jawabu lile lile. Akaishi miaka mingi Beirut, na akafa Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924. Barua zake alizoziandika juu ya maisha ya ugenini hazikuchapishwa akiwa hai; zilitoka katika mwaka 1993.

Kitabu chake si cha pekee kwa kunyamaza, na kwa mfano wa pili sina haja ya kutoka katika ujirani wetu. Mwingereza John Hanning Speke, aliyeanza safari yake Unguja katika mwaka 1860 kwa msaada wa Majid, alifika mbele ya Muteesa pale Banda mwezi wa Februari 1862, akakaa miezi kadhaa. Namasole, mama wa Kabaka, aliyekuwa na jumba lake mwenyewe na baraza lake, alimpa wasichana wawili kuwa zawadi, na mmoja wao, aitwaye Meri, alikuwa wa miaka 18 hivi. Speke alimpenda, naye Meri hakumpenda kwa namna ile aliyoitamani yeye, wakaachana kwa uchungu. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1863 mambo haya yanaonekana kwa uchache, yakiwa yamepunguzwa makali na wahariri wa Edinburgh, ambao hawakutaka shujaa wa chanzo cha Nile aonekane akimlilia msichana wa Kiafrika. Maandiko yake ya awali ndiyo yaliyofichua zaidi, nayo hayakupewa uzito na watu mpaka katika zama zetu. Wamekuja waandishi wakaiita habari hii kisa cha mapenzi kilichozuiwa. Mimi nakubali kwamba Speke aliumia. Lakini Meri alikabidhiwa kama mtu akabidhiwavyo mbuzi, wala hapana aliyemuuliza, na maneno yake mwenyewe hayamo katika kitabu kilichopunguzwa wala katika kile kisichopunguzwa. Salme alikuwa na kalamu akachagua kunyamaza. Meri hakupata hata hiyo hiari.

Mwaka uo huo wa 1886, kitabu cha Salme kilipokuwa mikononi mwa wachapaji wa Berlin, binti wa Muteesa aitwaye Nalumansi alifanya katika Buganda jambo lililoitikisa nchi. Muteesa alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, na mwanawe Mwanga alikuwa akitawala. Nalumansi alikulia katika baraza ambalo Kiswahili kilisemwa na Ramadhani ilifungwa, kwa kuwa baba yake aliufuata Uislamu kwa miaka karibu kumi, asiingie moja kwa moja wala asiuache, hata akawaua kule Namugongo vijana wa Kiislamu waliouchukua kwa bidii kuliko yeye alivyotaka. Binti alisilimu kwanza. Halafu akawa Mkatoliki, akabatizwa Clara, akaolewa kanisani na mtu wa kawaida, Yosefu Kaddu. Alipokabidhiwa kazi ya kulilinda kaburi la Kabaka Jjunju, kazi ambayo kwa desturi ni ya mwanamke asiye na mume, alikwenda pamoja na mumewe, akawaondoa makuhani wa mizimu na kuviharibu vitu vyao. Kisha mama yake alipomletea kitovu chake, kilichohifadhiwa tangu kuzaliwa kwa taadhima kubwa, maana Waganda hukiona kitovu cha mtoto wa kifalme kuwa pacha wake, alikikatakata.

Nimetafakari sana juu ya kitendo kile cha kukikata kitovu, na sioni kuwa kilikuwa utovu wa adabu wa kijana. Desturi ilimwambia kwamba mwili wake una pacha anayekaa katika mikono ya wengine, naye akaikataa milki hiyo. Kwa Mwanga na wakubwa wake ilikuwa ni dhahiri kwamba dini mpya inawafundisha hata mabinti wa Kabaka kuolewa. Na hasira iliyotokana na mambo yake, ikiongezeka juu ya nyingine nyingi, ni miongoni mwa zile zilizotangulia moto wa Namugongo wa tarehe 3 Juni 1886, ambamo mashahidi Wakristo walichomwa. Nalumansi hakuishi miaka mingi baada ya hapo, aliuawa. Watu humiminika Namugongo kila mwaka kuwakumbuka mashahidi, wengi wao wakipita kwa miguu chini ya kilima chetu, na jina lake silisikii katika nyimbo zao.

Desturi ile haikufa pamoja naye. Kabaka Daudi Chwa alipofariki katika Novemba ya 1939, na mwanawe Muteesa wa Pili, kijana wa miaka 15, akamrithi, mjane wake Irene Drusilla Namaganda akawa Namasole. Na Namasole haolewi tena. Tangu zamani jumba lake hujengwa mbali na la mwanawe, na maji yapitayo baina yao, ili pasiwe na enzi mbili mahali pamoja, wala asizae mtoto atakayeitwa ndugu wa Kabaka kwa upande wa tumbo. Mwezi wa Februari 1941 Namaganda alimjulisha Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, kwamba yumo katika mapenzi, ana mimba, na anataka kuolewa na mwanamume wake, aliyekuwa mdogo wake kwa umri na si mtu wa cheo. Nsibirwa, Mkristo wa dhati, aliona kwamba ndoa ni bora kuliko fedheha iliyofichwa. Askofu Stuart wa Namirembe akaona vivyo hivyo. Nao wakafungishwa ndoa.

Ghadhabu iliyozuka haikuwa ya wazee wa desturi peke yao. Katika mikutano na katika barua na magazeti ya Kiganda watu waliuliza ni nani aliyempa askofu na gavana wa Kiingereza ruhusa ya kuigusa nyumba ya Kabaka, na jambo la moyo wa mwanamke mmoja likawa jambo la ardhi, la ukoloni, na la vijana waliowachoka wakubwa waliotawala tangu siku za mikataba. Wakati wa Salme minong'ono ilipita juu ya dari; wakati huu ilipita katika mashine za kupigia chapa. Nsibirwa alilazimika kujiuzulu, na Samuel Wamala akawa Katikiro. Nsibirwa alipokirudia cheo hicho katika mwaka 1945, hakukaa hata miezi miwili. Alipigwa risasi mlangoni mwa kanisa la Namirembe asubuhi ya Septemba 5, kwa sababu ya mambo ya ardhi ya Makerere, na wako waliokuwa hawajamsamehe ile ndoa.

Namaganda alivuliwa cheo, nacho akapewa dada yake, Perepetua, kwa kuwa nchi isingeweza kukaa bila Namasole. Mtoto wa Namaganda alizaliwa katika ndoa, jina la baba yake likijulikana.